UZI: Rubani alipewa masaa 10 ya kupumzika. Mhudumu wa ndege ile ile akaambiwa asubiri

Wadau, kila mjadala wa kazi na mishahara ukiwaka hapa, kuna watu wawili lazima watokee. Wa kwanza anasema "sheria si ipo tayari, mnalia nini?" Wa pili anasema "hiyo gharama itaua kampuni." Leo nataka tuwafuate hao wawili mahali ambapo walikaa karibu karne nzima: ndani ya ndege za Marekani, kwenye suala la masaa ya kazi ya wahudumu. Nimechagua Marekani kwa sababu kumbukumbu zake ziko wazi, na hakuna atakayeniambia nampigia debe mtu wake. Kama kawaida ya hapa, hakuna mwanasiasa wala chama nitakachotaja.

Kwanza tuelewane kuhusu neno masaa, maana hapo ndipo ubishi mwingi huanzia. Utasikia mtu akisema "hawa wanafanya kazi masaa 80 kwa mwezi, mimi nafanya hayo kwa wiki mbili." Hayo 80 ni masaa ya kuruka, yanayohesabiwa ndege ikianza kusogea mpaka isimame. Masaa ya zamu ni kitu kingine. Zamu inaanza ukiripoti, na ndani yake kuna kikao cha wafanyakazi, ukaguzi wa vifaa vya dharura, kupakia abiria, kukaa chini masaa mawili kwa sababu ya mvua, kushusha abiria, kusubiri ndege nyingine. Kwa mashirika mengi ya Marekani, malipo yamefuata ile saa ya kwanza, kwa hivyo mhudumu anayekusaidia kusukuma begi lako juu ya kiti mlango ukiwa wazi mara nyingi hajaanza kulipwa mshahara wake wa saa.

Chukua siku moja ya kawaida ya safari fupi fupi. Unaripoti saa kumi na moja alfajiri, unaruka mara nne, unaachiliwa saa moja jioni. Zamu ni masaa 14. Kuruka kwenyewe huenda ni masaa 6 au 7. Kwa macho ya anayetazama ratiba ya malipo umefanya nusu siku, lakini miguu yako inajua ukweli.

Haya, turudi nyuma.

Tarehe 15 Mei 1930, nesi mmoja anaitwa Ellen Church alipanda ndege ya Boeing Air Transport kutoka Oakland kwenda Chicago. Alikuwa mhudumu wa kwanza wa kike kwenye ndege ya abiria. Safari ilichukua kama masaa 20, na vituo 13 njiani. Yeye mwenyewe alitaka kuwa rubani, wakamkatalia, ndipo akaja na wazo la kuweka manesi ndani ya ndege ili abiria wasiogope. Kampuni ikaajiri manesi wanane. Masharti: usiwe umeolewa, usizidi miaka 25, usizidi kilo 52 hivi. Mshahara dola 125 kwa mwezi, kwa masaa 100 ya kuruka.

Na kazi yenyewe? Kubeba mizigo, kukaza viti vilivyolegea sakafuni, kuua nzi, kuzuia abiria wasitupe sigara dirishani, kusaidia kujaza mafuta, wakati mwingine kusaidia kusukuma ndege iingie kwenye banda lake. Sare nadhifu juu, kazi ya kibarua chini.

Sasa angalia kinachotokea miaka minne baadaye. Mwaka 1934 bodi ya kazi ya serikali ya Marekani iliamua kwamba rubani wa ndege za abiria asiruke zaidi ya masaa 85 kwa mwezi. Mwaka 1938 uamuzi huo ukaingizwa kwenye sheria ya usafiri wa anga. Marubani walikuwa na chama chao, walikuwa wanaume, na hoja yao ilieleweka haraka: rubani akichoka, ndege inaanguka. Mhudumu je? Hakuna chochote. Kwa macho ya serikali yeye alikuwa sehemu ya chai na tabasamu.

Mnataka kujua kwa nini nchi yenye sheria za kila kitu ilikaa bila ukomo wa masaa kwa wahudumu? Mimi naona jibu liko kwenye yale masharti ya ajira. Ukiolewa, unatoka. Mwaka 1953 American Airlines ikaongeza lingine: ukifika miaka 32, huruki tena. Wengi walidumu miaka michache tu. Mfanyakazi ambaye amepangwa kuondoka hana haja ya kulindwa uchovu wake, kwa sababu akichakaa anakuja mwingine wa miaka 21. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya sera, lakini ndivyo hesabu ilivyokuwa.

Wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1945 wahudumu wa United wakiongozwa na Ada Brown walianzisha chama chao, na mwaka uliofuata wakasaini mkataba wa kwanza uliopandisha mshahara na kuweka ukomo wa masaa ya kuruka. Shikeni hilo neno mkataba, tutalirudia. Ilipokuja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, wahudumu wa ndege walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kupeleka malalamiko kwenye tume mpya ya ajira. Mwaka 1968 tume hiyo ikasema kumfukuza mhudumu kwa sababu ya ndoa au umri ni ubaguzi wa kijinsia. Mwaka 1971 mahakama ikaipinga United kuhusu ndoa, na mwaka huo huo mahakama nyingine ikasema Pan American haiwezi kuwakatalia wanaume kazi hiyo.

Matokeo yake? Kazi ya miaka miwili ikawa kazi ya miaka thelathini. Mtu anaingia ana 22, anaolewa, anazaa, anafika 50 bado anaruka. Hapo uchovu ukawa na jina, na ukawa na mtu wa kuusemea.

Lakini mwaka 1978 bunge la Marekani likafungua soko la anga. Serikali ikaacha kupanga nauli na njia, mashirika yakaanza kushindana kwa bei. Abiria alifurahi, nauli zilishuka, hilo siwezi kukataa. Ila ukishindana kwa nauli na bei ya mafuta huipangi wewe, unachobaki nacho mkononi ni masaa ya wafanyakazi. Mashirika mapya yaliingia bila vyama vya wafanyakazi. Yale ya zamani yakasema, sisi tutashindanaje na hawa?

TWA ndiyo mfano mchungu zaidi. Mwaka 1986 mwekezaji mpya alitaka wahudumu wakatwe mshahara na waongeze masaa. Wakagoma Machi, maelfu. Kampuni ikaajiri wengine kujaza nafasi, na baadhi ya wenzao wakavuka mstari wa mgomo wakarudi kazini. Mei chama kikasalimu amri bila masharti, watu wakakuta viti vyao vimekaliwa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikasema kampuni haikulazimika kuwaondoa waliovuka mstari ili kuwapisha wenye miaka mingi zaidi kazini waliogoma.

Somo walilolipata wahudumu lilikuwa moja. Mkataba una nguvu kama mgomo wako ulivyo na nguvu. Mgomo ukivunjwa, ukomo wa masaa ulioandikwa kwenye mkataba unaondoka nao. Ndiyo maana kampeni ya kutaka ukomo uwekwe na sheria ya nchi ikashika kasi katika miaka hiyo, na mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, ikawa inasitasita.

Mwaka 1994 kanuni ikatoka. Miaka 60 baada ya ile ya marubani! Zamu isizidi masaa 14. Baada ya hapo mhudumu apumzike masaa 9 mfululizo. Na ndani ya siku 7 apate masaa 24 ya mapumziko bila kukatizwa.

Sasa someni maandishi madogo. Masaa 9 yangeweza kupunguzwa hadi 8, mradi mapumziko yanayofuata yawe 10. Na zamu ingeweza kuvuka 14: ukiongeza mhudumu mmoja zaidi ya idadi ya chini inayotakiwa, zamu inafika 16, ukiongeza wawili, 18, ukiongeza watatu, kwa safari za mbali, 20. Yaani badala ya kukupa usingizi, wanakupa mwenzako wa kuchoka naye. Mimi nilisoma kipengele hicho mara mbili nikidhani nimekielewa vibaya.

Rudini kwa yule mtu wetu aliyeachiliwa saa moja jioni. Masaa 8 baadaye ni saa tisa usiku, na hapo anatakiwa awe ameripoti tena. Toa muda wa kusubiri gari la hoteli, foleni ya mapokezi, kutafuta chakula, kuoga, kuamka, kuvaa, gari la kurudi, ukaguzi wa usalama. Kinachobaki ni masaa manne, labda matano ya kulala. Halafu huyo ndiye unayemtegemea kufungua mlango wa dharura.

Hapo ndipo mtu wa "ni huduma tu" anapokosea. Watengenezaji wa ndege wanatakiwa kuonyesha kwamba ndege iliyojaa inaweza kuachwa tupu ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Hesabu hiyo haiwezekani bila mtu wa kupiga kelele, kuangalia dirishani kama kuna moto upande huo, na kufungua mlango sahihi. Sheria ya Marekani inadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na sababu yake ni hiyo, soda zingegawiwa hata na watu wachache. Januari 2024 kule Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ikawaka moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani ya ile kubwa walitoka hai, ingawa watano kati ya sita wa ile ndogo walifariki. Tafuteni video muone wahudumu walifanya nini.

Kwa hapa kwetu naweza kulieleza kwa mfano wa barabara. Sheria ya Trafiki inamzuia dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Tunaweza kubishana kama inafuatwa, lakini ipo. Je, konda? Yule anayesimama mlangoni tangu alfajiri mpaka usiku, anayeamua wangapi waingie, anayepaswa kukufungulia gari likipinduka? Kifungu hicho kinamtazama anayeshika usukani tu. Marekani ilikuwa na fikra hiyo hiyo angani.

Na ilijionyesha wazi mwaka 2009. Tarehe 12 Februari ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo la ndege kupoteza mnyanyuko, lakini walisema pia kwamba uchovu huenda ulichangia. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kuanza zamu Newark. Familia za marehemu zilipiga kambi bungeni. Mwaka 2010 sheria ikapita, na kanuni mpya ikaanza kutumika Januari 2014: rubani wa ndege za abiria apate masaa 10 ya mapumziko, na ndani yake nafasi ya kulala masaa 8 bila kusumbuliwa. Marubani wa ndege za mizigo wakaachwa nje, hesabu ya gharama ikiwa sababu kubwa. Hiyo nayo ina uzi wake.

Kabla ya hapo rubani na mhudumu walikuwa na kiwango kimoja, 9 kinachoweza kushuka 8. Kuanzia 2014 wakawa wanashuka ndege moja, pengine wanapanda gari moja kwenda hoteli moja, lakini sheria inasema mmoja alale zaidi. Si kwamba hakuna aliyejua. Taasisi ya tiba ya anga ya FAA yenyewe ilikuwa imefanya tafiti kadhaa kuhusu uchovu wa wahudumu, kwa agizo la bunge, na ikakuta tatizo ni la kweli. Kilichokosekana ni ajali ya kuwapeleka wapiga kura mlangoni pa mbunge, na namshukuru Mungu haikutokea.

Tarehe 5 Oktoba 2018, kifungu kikaingia kwenye sheria kubwa ya FAA: wahudumu wapate masaa 10, na yasipunguzwe kwa hali yoyote. Bunge likaipa mamlaka siku 30 kubadilisha kanuni. Siku 30!

Ndiyo, mnajua kinachofuata.

Septemba 2019, karibu mwaka mzima baadaye, mamlaka ikaanza kukusanya maoni. Jumuiya ya mashirika ya ndege ikaleta hesabu ya mamia ya mamilioni ya dola kwa miaka kumi. Ukaja ugonjwa wa korona, ndege zikalala, faili nalo likalala. Mwishoni mwa 2021 rasimu ikatoka. Oktoba 2022 kanuni kamili ikatangazwa, mashirika yakapewa siku 90, na masaa 10 yakawa lazima Januari 2023. Siku 30 zilikuwa zimegeuka miaka minne na ushee, chini ya serikali mbili tofauti. Kwa hivyo anayetaka kuigeuza hii kuwa hadithi ya chama fulani, atafute nyingine.

Sasa yule mtu wa "sheria si ipo tayari" aketi hapa na mimi. Katika ile miaka minne sheria ilikuwepo, imesainiwa, ina tarehe. Mhudumu akiachiliwa saa moja jioni bado angeweza kuitwa saa tisa usiku, na shirika lake halikuvunja kanuni yoyote. Bunge hutoa amri, lakini kinachobadilisha ratiba ya mtu ni kanuni, na kanuni huandikwa ofisini na watu ambao hatuwapigii kura, huku wenye mawakili wakileta hesabu zao mezani.

Kenya tunalijua hili vizuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inataka hatua zichukuliwe ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti. Muda ukapita, mahakama zikaamuru, Septemba 2020 Jaji Mkuu akamshauri rais alivunje bunge. Bunge likamaliza muhula wake. Kifungu cha 41 nacho kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa na haki ya kugoma. Maneno mazuri kabisa. Swali la kumuuliza mgombea yeyote anayekisoma jukwaani ni dogo: kanuni iko wapi, ilichapishwa lini, na nani anaikagua?

Na kwa wale vijana wanaotafuta kazi hizi kwa mashirika ya Ghuba, jueni kuwa ile njia ya kwanza, ya chama na mkataba, huko haipo. Falme za Kiarabu haziruhusu vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani lilikuta mikataba ya Qatar Airways iliwabagua wahudumu wa kike, ikiwemo kipengele cha kumwachisha kazi mwenye mimba. Mnafahamu tulishasoma hilo wapi: Marekani ya miaka ya hamsini.

Masaa yakishapata ukomo, vita vinahamia kwenye malipo. Tarehe 16 Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, dai kubwa likiwa ile kazi ya mlango wazi isiyolipwa. Siku hiyo hiyo serikali ikatumia kifungu cha 107 cha sheria ya kazi kuwapeleka kwenye usuluhishi wa lazima na kuwaamuru warudi. Wakakataa kurudi. Tarehe 19 yakapatikana makubaliano, yakiwa na malipo ya kiasi kwa muda wa ndege kuwa chini. Septemba wanachama walipopigia kura kipengele cha mishahara, zaidi ya asilimia 99 walikikataa.

Maswali tupieni hapa chini. Wale wa masaa 80 kwa mwezi, nawasubiri.